Mama, Umeganda?

Tarehe 9 Februari

Kwa mpwa wangu Sindano,

Salamu nyingi sana. Mimi mjomba wako sijambo, ukiondoa goti la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio, na linakosea kama redio vilevile. Mke wangu anakusalimu na anauliza kama unakula au unashindia chai. Nyumba ya Mama iko salama? Paa la jikoni ulimpata fundi wa kulitazama, au bado unatega ndoo?

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu hupokei. Nilikutumia simu mpya kwa basi la mizigo, karani wa stendi akanithibitishia umesaini, kwa hiyo najua unayo. Nikiuliza, jibu ni lile lile, mtandao mbaya. Haya. Mimi nilizaliwa kabla ya hayo madude, barua naiweza.

Sasa kaa chini. Nimepata maonyesho! Mimi, niliyeanza maisha kwa kuandika "Usikojoe Hapa" kwenye kuta za watu, nimepewa ukumbi mzima kwa miezi minne, kuanzia tarehe ishirini Aprili. Zamani ulikuwa ghala la matairi na harufu ya mpira bado haijatoka, lakini mwanga wake ni wa kumwaga. Picha ziko kumi na tano. Zote nimezichora kutoka kwenye skrini. Kuna mlinzi wa duka kwenye kamera akijikuna mgongo kwa rula, anajua yuko peke yake. Kuna televisheni yenye chenga tupu na watu watatu bado wameikodolea macho. Kuna nyuso za watu kwenye simu za video mtandao unapokatika, pua inabaki huku, jicho linahamia kule, shavu linakuwa viboksi. Siku hizi ndivyo tunavyoonana, nikasema basi nichore hivyo hivyo.

Tano kati yake ni Mama. Unakumbuka zile Jumapili zetu za saa tatu asubuhi? Unaegemeza simu kwenye kopo la sukari, naye anavaa kile kitambaa chake kizuri, anaweka mikono magotini, anakaza shingo, hapepesi macho. Miaka yote ile hakukubali kwamba video siyo picha ya studio. Mimi napiga kelele, "Mama, umeganda?" Naye bila kufungua midomo, "Sijaganda, piga basi, mgongo unaniuma!" Tulivunjika mbavu kila wiki kwa kichekesho kile kile.

Ndani ya bahasha nimekuwekea picha ndogo za michoro yote. Itazame ya tisa. Hiyo ndiyo ya Jumapili ya mwisho. Aliganda kweli siku ile, nikaipiga picha skrini, na nilipoitazama nikapata kichaa. Nilikimbilia turubai hata chai sikunywa. Imenichukua miezi mitatu. Kila anayeingia humu anasimama mbele yake. Kwangu mimi ni zaidi ya sanaa, ndiyo picha ya mwisho ya Mama akiwa mzima.

Njoo siku ya ufunguzi. Nataka mtoto wa dada yangu awe amesimama kando yangu.

Mjomba wako, mpaka rangi


Tarehe 2 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai juu yake, sijui ni ya kwako au ya posta. Sijambo. Mwambie shangazi nakula. Kazini tuko kwenye sare za shule mpya, mashati mia tatu na sketi mia mbili, na aliyekata vitambaa alikosea kola, kwa hiyo tumefumua mashati themanini. Vidole vyangu vimekuwa kama chujio. Paa bado. Ndoo ninazo mbili, inatosha.

Hongera sana. Bibi angefurahi, ingawa angeanza kwa kuuliza kama umekula.

Picha nimeziona. Ya mlinzi imenichekesha, nimeibandika juu ya cherehani yangu. Mjomba, naomba kitu kimoja. Hiyo ya tisa usiiweke. Zile nne za Bibi ziweke, ni nzuri, yuko vile vile tulivyomzoea. Ya tisa iache nyumbani. Bibi alikuwa mtu wa kujitazama kwenye kioo kabla hata ya kufungua mlango, asingetaka watu wamwone mdomo umekwenda upande namna ile.

Kuja sitaweza. Kazi ni nyingi.

Wasalimie wote.

Mpwa wako


Tarehe 15 Machi

Sindano,

Marahaba. Hapa hatujambo, goti ndiyo hivyo.

Umenichoma kama jina lako. Unaniomba nitoe moyo wa maonyesho halafu unaniambia mambo ya kioo! Mdomo ule haukwenda upande kwa ubaya wa Mama, ni mtandao umeuvuta. Ndiyo maana yote ya kazi hii. Ule mdomo nimeuchora mara sita na kuufuta mara tano. Kuna mkono wake wa kulia pia, umeteleza kutoka gotini ukaning'inia. Mstari wa ule mkono ni mzuri kuliko chochote nilichowahi kuchora, na sikuubuni, niliukuta. Wewe ni fundi, ukipata mshono uliokaa sawasawa unaufumua kwa sababu mtu kakuambia haupendi?

Nitasema ukweli, nimeumia. Tulipomzika Mama nilidhani tumebaki wawili wa kushikana mikono. Sasa hupokei simu, huji, na kazi yangu ya maisha unaiona aibu ya familia. Nimekukosea nini? Niambie.

Ya tisa inakaa ukuta wa mbele, peke yake.

Mjomba


Tarehe 11 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Pole na goti. Mvua hapa imenyesha siku nne, ndoo zimekuwa tatu. Fundi wa paa alikuja, akapanda, akakohoa, akashuka, akasema atarudi.

Hujanikosea. Sijasema ni aibu ya familia. Wewe ndiye ndugu yangu niliyebaki naye, sina mwingine, na usifikiri sijui hilo. Ndiyo maana naomba mara ya pili na sitaomba ya tatu. Itoe ile picha. Usiniulize sababu. Mambo mengine mtu akiyajua hayamsaidii kitu.

Nakutakia ufunguzi mwema. Vaa lile koti la kijivu, la kahawia lina tundu kwapani na nilisahau kulishona mlipokuja mazikoni.

Mpwa wako


Tarehe 3 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nilivaa la kijivu. Watu walijaa mpaka mlangoni. Kuna mwandishi wa gazeti aliandika kwamba nimeiona huzuni ya enzi hii, nikakata kile kipande nikakiweka mfukoni, nakitoa kila saa kama mtoto mwenye cheti. Kichwa kilivimba, nakiri. Kilivimba siku tisa.

Siku ya kumi akaja mama mmoja mnene, ana viatu vya kazi, vile vyeupe visivyopiga kelele. Alipita picha zote kwa haraka kama mtu anayekagua vitanda. Kwenye ya tisa akasimama. Nikamsogelea kifua mbele, nikijua anataka kusifu. Akaniuliza, "Huyu mama mlimkimbiza hospitali saa ngapi?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Huyu alikuwa mzima, mama. Hapo ni mtandao umeganda."

Akasema, "Mtandao unavuta kila kitu. Huyu amevutwa upande mmoja. Kope imeshuka, mdomo umeshuka, bega limeshuka, mkono umeanguka. Mimi ni nesi, miaka ishirini na sita wodi ya waliopooza. Pole kama ni mtu wako." Akaniacha hapo.

Niliitoa simu nikaitafuta ile picha niliyoipiga siku ile. Zile nyingine zote, mtandao ulipokuwa unakatika, zina viboksi, zina ukungu. Hii haina hata kimoja. Unasoma mpaka maandishi ya kalenda ukutani nyuma yake. Picha ni safi, Sindano. Mimi mwenyewe nilishangaa usafi wake nilipokuwa naichora, nikadhani ni bahati.

Wewe uliniambia ilimkuta jioni, ghafla, baada ya chakula. Nakuuliza sasa, na wewe ndiye uliyekuwa ndani ya nyumba. Ilianza saa ngapi?

Mjomba wako


Tarehe 29 Mei

Shikamoo Mjomba,

Natumai barua hii inawakuta salama. Hapa ni salama. Samahani kuchelewa, tulikuwa na mashati ya shule nyingine na kitambaa chake kinateleza, sindano inaruka. Nimevunja nne kwa wiki moja. Msimamizi amesema tukimaliza atatupa siku mbili za kupumzika, na sisi wote tumejitia hamnazo kana kwamba tumemwamini.

Paa limeshazibwa. Fundi alirudi kweli. Sasa linavuja mahali pengine, lakini kidogo. Kile kitambaa kizuri cha Bibi nimekifua na kukiweka kwenye sanduku, kisije kikaliwa na wadudu.

Nimefurahi kusikia watu ni wengi. Mwambie shangazi nimepokea sabuni.

Mpwa wako


Tarehe 6 Juni

Sikukuuliza habari za paa.

Ilianza saa ngapi?


Tarehe 22 Juni

Shikamoo Mjomba,

Leo ni zile siku mbili za mapumziko, alitupa kweli. Nimefunga mlango. Naandika moja kwa moja bila kurudia kusoma, kwa sababu nikisoma nitaichana kama nilivyochana nyingine tatu.

Haikuwa jioni. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi, wewe ukiwa hewani.

Nilikuwa napita nyuma ya kiti cha Bibi na beseni la nguo. Nilikusikia unamwuliza kama ameganda. Hakujibu. Ukauliza tena. Kisha ukasema, "Haya Mama, kaa hivyo hivyo, usitikisike, nakata napiga tena sasa hivi." Kioo kikazimika. Mimi nilijua mtandao haujakatika, maana kwangu sauti yako ilikuwa inasikika kila neno. Lakini niliona amekaa vile anavyokaa siku zote, mgongo umenyooka, anaitazama simu. Nikasema moyoni, mwanawe kamwambia asitikisike, leo tutakoma. Nilimcheka, Mjomba. Nilipita nikamwambia, "Bibi, usipumue, utaharibu picha," nikatoka nje kuanika nguo.

Nilianika nguo zote. Jirani akaja ukutani, tukaongea kuhusu mbwa wake. Sikuwa na haraka kwa sababu nilijua yuko na wewe. Kila nilipochungulia dirishani nilimwona yuko pale pale kwenye kiti, nikadhani umepiga na mnaongea.

Niliporudi ndani ilikuwa saa nne na nusu. Simu ilikuwa nyeusi. Hukuwa umepiga. Alikuwa bado anaitazama. Jicho moja likageuka kunitazama mimi, jingine likabaki kwenye simu. Akataka kusema kitu kikatoka kama mtu mwenye maji mdomoni, na mimi, unajua tulivyokuwa tunataniana na Bibi, nilidhani ananifanyia mzaha. Nikamwambia aache mchezo. Hapo nikaona mate kwenye kitambaa chake kizuri. Bibi asingefanya mzaha huo hata siku moja.

Kupata gari ilituchukua muda. Daktari aliuliza ilianza saa ngapi. Nilimwambia ukweli. Alitazama saa ukutani, ilikuwa saa saba kasoro, akaandika. Afadhali angenifokea. Siku ya tatu Bibi akafariki, ulikuwa bado njiani.

Uliposhuka kwenye basi uso wako ulikuwa umekwisha. Swali lako la kwanza lilikuwa, "Aliumwa muda mrefu?" Nikasema jioni, ghafla. Sikuwa nimepanga. Nilidhani nakulinda wewe. Baadaye nikiwa peke yangu humu ndani nikaona ninajilinda na mimi pia, kwa sababu kama ilikuwa jioni basi hata mimi sikuwa naanika nguo. Uongo ule ulitutosha wote wawili. Kisha ukaniletea picha ya mdomo wake.

Simu uliyonitumia iko kwenye boksi lake. Siwezi kuiegemeza popote.

Nimekuambia. Kama utanichukia, nichukie, lakini usininyamazie. Nimeizoea nyumba hii bila Bibi, bila wewe pia sitaweza.

Mpwa wako


Tarehe 14 Agosti

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu,

Nimenyamaza wiki saba, jambo lile lile uliloniomba nisilifanye. Siyo chuki. Kila nilipokaa kuandika salamu, mkono ulikataa. Hata sasa naziruka salamu, utanisamehe.

Barua yako niliisoma nimesimama ukumbini. Niliishusha picha siku ile ile nikaigeuza ikatazama ukuta. Mwenye ukumbi akauliza kama nimeiuza, nikamwambia ndiyo. Nililala siku mbili. Mke wangu alidhani ni goti.

Wewe ulimwacha saa moja na robo ukiamini yuko na mimi. Sina la kukulaumu, na yeyote atakayekulaumu mbele yangu tutakosana. Lakini mimi nilikuwa nimemtazama uso kwa uso. Miaka arobaini najisifu kwamba nina jicho. Nilikata simu kwa sababu nilikuwa tayari na nilichokitaka, na nilisahau kupiga kwa sababu nilikuwa nachanganya rangi. Kisha miezi mitatu nikauchora ule mdomo, nikaufuta, nikauchora, nikatafuta kivuli sahihi cha kope iliyoshuka, na sikujiuliza hata mara moja mama yangu ana nini. Kwenye stendi ukanipa uongo wako nikaupokea kwa mikono miwili. Sikukuuliza swali la pili. Mtu anayetaka kujua huuliza la pili.

Siku ya tatu niliirudisha ukutani. Nilitaka kuichoma, kiberiti nilikuwa nacho mkononi. Lakini nikiichoma, jambo lenyewe linabaki kwako peke yako humo ndani, na wewe umeshalibeba vya kutosha.

Sasa nakaa kando yake kwenye stuli, tangu wanafungua mpaka wanafunga. Anayesimama namwambia, "Huyu ni mama yangu. Hapo anapata kiharusi, ni saa tatu na robo asubuhi, na mimi ndiye ninayemtazama." Sipunguzi wala siongezi. Wengi wanatikisa kichwa taratibu. Kuna kijana mwenye miwani aliniambia ni maelezo yenye nguvu sana, yanaifungua kazi. Yule mwandishi wa gazeti alirudi akayaandika, akayaita ubunifu. Nimewaambia watu mia kadhaa ukweli na sijapata hata mmoja wa kuuamini.

Juzi alikuja binti mdogo wa shule, amevaa sare, kola imekaa vizuri nikafikiri labda ni mshono wako. Aliisikiliza habari yote. Hakutikisa kichwa. Akaniuliza, "Sasa wewe ulipomwona hivyo ukafanya nini?"

Nikamwambia, "Nilimchora."

Alisogea nyuma hatua moja, akaenda kumtafuta mwalimu wake.

Wewe unaniamini, Sindano. Umebaki peke yako wa kuniamini. Niandikie.

Mjomba wako